Sura ya Saba: Nani Aruhusiwe Kupiga Hodi

Ugomvi wa mteja na mtoa huduma wa intaneti hufuata mkondo uleule. Mteja anapiga simu kulalamika kwamba mtandao unakwama kila jioni. Anajibiwa kwamba laini yake ni nzima, azime ruta, asubiri kidogo, aiwashe tena. Kesho asubuhi fundi anakuja na kompyuta yake, anapima, anakuta kasi ni ileile aliyoilipia mteja, anaondoka. Jioni inakwama tena. Hakuna aliyesema uongo hapo. Kinachokosekana ni kumbukumbu ya saa ambazo fundi hakuwapo.

Kumbukumbu hiyo unaweza kuichukua ukiwa ndani, kwa kompyuta ya nyumbani au ya ofisini. Ila kompyuta hiyo inapita kwenye Wi-Fi, na Wi-Fi ina matatizo yake: ukuta mnene, jirani anayetumia masafa yaleyale, simu kumi zinazogombea hewa moja. Mtoa huduma akionyeshwa vipimo vya namna hiyo atasema tatizo liko kwako, na huenda ikawa kweli. Tena kompyuta ikizimwa usiku, kumbukumbu inakatika.

Njia ya pili ni kupimwa kutoka nje. Seva iliyo kwenye kituo cha data, tutakayoiita mpimaji, inaiuliza ruta yako kila sekunde kama ipo, inaandika jibu limechukua milisekunde ngapi, na jibu lisiporudi inaandika hivyo pia. Kipimo hiki kinaishia kwenye ruta, hakigusi Wi-Fi, na kinaendelea wakati wewe umelala. Kikwazo chake ni kimoja: ruta iliyolindwa vizuri haiwajibu wageni. Sura hii inaeleza namna ya kuifanya imjibu mmoja, swali moja, na kuwanyamazia wengine wote.

Pakiti ya mwaka 1983

Swali lenyewe ni la zamani. Itifaki ya ICMP, iliyochapishwa Septemba 1981, iliweka aina ya ujumbe inayoitwa mwangwi: kompyuta moja inatuma pakiti, nyingine inairudisha kama ilivyo. Desemba 1983 Mike Muuss, aliyekuwa mtafiti katika maabara ya jeshi la Marekani huko Maryland, aliandika programu fupi ya kutumia ujumbe huo kutafuta hitilafu kwenye mtandao wao. Akaiita ping, kwa mfano wa sauti ya mitambo ya nyambizi. Kazi yake ni ileile ya hodi mlangoni: huingii, huchukui kitu, unataka tu kujua kama wenyewe wapo na wanachukua muda gani kuitikia.

Kwa miaka mingi kila mashine iliitikia. Kisha wakaja watundu. Miaka ya 1996 na 1997 iligundulika kwamba ping iliyovimbishwa kupita baiti 65,535, kikomo cha pakiti ya IP, iliangusha kompyuta za aina nyingi. Muda mfupi baadaye likaja shambulio la Smurf: mshambuliaji alituma ping kwa mtandao mzima kwa mpigo mmoja, akiwa amebandika anwani ya mtu mwingine kama mtumaji, na majibu ya mamia ya mashine yakamfurikia huyo asiye na habari. Mianya hiyo ilizibwa zamani, lakini desturi ya kuzima ping ilibaki. Ruta nyingi za nyumbani zina kisanduku kimoja tu cha jambo hili. Ukikitia alama, ruta inaujibu ulimwengu mzima. Ukikiacha, haimjibu yeyote.

Kunyamaza kunakulinda kwa kiasi gani? Si kikubwa. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha programu ya ZMap, inayoweza kugonga poti moja katika anwani zote za IPv4 kwa chini ya dakika 45, ikitumia kompyuta moja yenye muunganisho wa gigabiti moja. Anayepekua kwa kasi hiyo hana haja ya kuuliza kwanza kama upo. Kirusi cha Mirai, kilichoteka kamera na ruta kwa malaki mwaka 2016, hakikutafuta mashine zinazojibu ping. Kilitafuta zilizoacha Telnet wazi, kikajaribu orodha ya majina na nywila za kiwandani zaidi ya 60. Kilichowaponza wenye vifaa hivyo ni mlango wa usimamizi uliofungwa kwa nywila ambayo kila mtu anaijua.

Kwa hiyo kujibu ping si hatari kubwa. Hata hivyo, hilo si sababu ya kumjibu kila mtu. Usalama wa mtandao haujengwi kwa kuuliza kama jambo fulani ni baya au zuri. Unajengwa kwa ruhusa zinazojibu maswali manne: nani, anataka nini, kwa kiasi gani, mpaka lini. Ruhusa inayokosa jibu la hata moja kati ya hayo haijakamilika, hata kama inafanya kazi.

Ruta inavyoamua

Nitatumia ruta za MikroTik, zinazotengenezwa na kampuni ya Latvia iliyoanzishwa mwaka 1996, kwa sababu Afrika Mashariki zimezagaa: kwa watoa huduma wadogo, hotelini, shuleni, kwenye vibanda vya Wi-Fi ya kulipia. Mantiki yake inafanana na ya ruta nyingine zinazoruhusu kuandika kanuni. Kinachotofautiana ni vitufe.

Faiwoli ya ruta ni orodha ya kanuni zinazosomwa kutoka juu kwenda chini. Pakiti ikifika, ruta inaanza na kanuni ya kwanza. Ikilingana nayo, hukumu inatolewa hapo hapo, na kanuni za chini hazisomwi. Isipolingana, inashuka ya pili, ya tatu, mpaka mwisho. Orodha zenyewe ni tatu. Ya kwanza, input, inahusu pakiti zinazoielekea ruta yenyewe. Forward inahusu zinazopita kwenda kwenye vifaa vilivyo nyuma yake. Output inahusu zinazotoka kwenye ruta. Mpimaji wetu anaiuliza ruta, hivyo shughuli yetu yote iko kwenye input.

Ruta ya nyumbani ya MikroTik inatoka kiwandani na input inayosomeka hivi: pokea pakiti za mawasiliano yaliyokwisha kuanzishwa au yanayohusiana nayo, tupa pakiti zisizoeleweka, pokea ICMP yote, ruhusu ruta izungumze na nafsi yake, mwisho, tupa chochote kisichotoka mtandao wa ndani. Itazame kanuni ya tatu. Ruta hii, tofauti na ile yenye kisanduku, inamjibu kila anayeiuliza. Kazi yetu kwake ni kupunguza.

Kishawishi cha kwanza ni kuifuta ICMP yote. Usifanye hivyo. ICMP hubeba pia taarifa ambazo intaneti inazitegemea, kama ile inayosema pakiti ni kubwa mno kwa njia iliyo mbele, ipunguzwe. Zikitupwa ovyo unapata ugonjwa wa ajabu: tovuti inaanza kufunguka kisha inaganda, wakati tovuti nyingine haina neno. Kwenye IPv6 madhara ni makubwa zaidi, kwa kuwa huko ruta za njiani haziruhusiwi kukata pakiti vipande, na hata majirani wa mtandao mmoja hutambuana kwa ICMP. Tunachotaka kuchuja ni ujumbe wa aina moja tu, ombi la mwangwi: aina ya 8 kwenye IPv4, aina ya 128 kwenye IPv6.

Kanuni mbili

Anza na orodha ya anwani. Ukiiweka orodha peke yake, siku mpimaji akibadilika utagusa orodha, hutagusa kanuni. Kisha andika kanuni mbili: ya kumpokea aliye kwenye orodha, na ya kuwatupa wengine wote wanaouliza swali hilohilo kutoka nje.

/ip firewall address-list add list=wapimaji address=203.0.113.25

/ip firewall filter add chain=input in-interface-list=WAN protocol=icmp icmp-options=8:0 src-address-list=wapimaji limit=5,10:packet action=accept

/ip firewall filter add chain=input in-interface-list=WAN protocol=icmp icmp-options=8:0 action=drop

Anwani ya 203.0.113.25 imetoka kwenye fungu lililotengwa kwa ajili ya mifano ya vitabuni. Weka ya mpimaji wako. Mstari wa pili usome kwa sauti: pakiti inayoijia ruta kutoka upande wa intaneti, ya ICMP, yenye ombi la mwangwi, iliyotumwa na mmoja wa wapimaji, ipokelewe kwa wastani usiozidi tano kwa sekunde. Kanuni ya faiwoli usiyoweza kuisoma hivyo kwa sentensi moja, ukaielewa, usiiweke.

Sasa mahali pa kuziweka. Kanuni mpya huangukia chini kabisa ya orodha, na huko hazitafanya lolote, kwa sababu ICMP imekwisha kupokelewa juu. Zipandishe mpaka juu kabisa ya input, hata juu ya ile inayopokea mawasiliano yaliyokwisha kuanzishwa. Hapo ndipo mafundi wengi hukosea. Ping ikijibiwa mara moja, ruta huihesabu kama mawasiliano yaliyoanzishwa, na pakiti zinazofuata za mfululizo huo hupita kwa kanuni ya mawasiliano hayo bila kuifikia yako. Matokeo yake ni mawili. Kikomo cha pakiti tano kinahesabu pakiti ya kwanza tu ya kila mfululizo, na siku utakapomwondoa mpimaji kwenye orodha, ping yake inayoendelea itazidi kujibiwa kana kwamba hukufanya kitu.

Kikomo kina faida nyingine. Anwani ya mtumaji wa ICMP inaweza kughushiwa, hivyo mtu akijua anwani ya mpimaji wako anaweza kutuma pakiti kwa jina lake. Hatafaidi sana, maana majibu yanakwenda kwa mpimaji, si kwake. Lakini bila kikomo angeweza kuichosha ruta yako na kumsumbua mpimaji kwa mkono wako.

Kabla ya kugusa chochote, washa hali ya usalama ya ruta kwa kubonyeza Ctrl na X kwenye dirisha la amri. Ukijifungia nje kwa kanuni mbaya, muunganisho ukikatika ruta inarudisha mambo yalivyokuwa. Kwa anayeisimamia ruta ya Kigoma akiwa Dodoma, kitufe hicho kina thamani ya nauli.

Jaribio la kweli

Kujaribu kutoka ndani hakuthibitishi kitu. Ukiwa kwenye Wi-Fi yako ukaipigia ping anwani yako ya nje, pakiti inaingia ruta kwa upande wa ndani, na upande huo umeruhusiwa tangu mwanzo. Zima Wi-Fi ya simu, tumia data za mtandao wa simu, kisha jaribu. Simu haimo kwenye orodha, kwa hiyo jibu sahihi ni kimya. Halafu tazama vihesabio vya kanuni zako mbili: cha wapimaji kipande pakiti moja kwa sekunde, cha kutupa kipande kila unapojaribu kwa simu. Kihesabio kinachobaki sifuri kinakwambia kanuni iko mahali pabaya, au pakiti hazikufikii kabisa.

Hilo la pili ni la kawaida kwetu. Fungua ruta uone anwani iliyopewa upande wa nje. Ikiwa iko kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, fungu lililotengwa mwaka 2012 kwa matumizi ya ndani ya watoa huduma, au inaanza na 10, basi huna anwani yako mwenyewe. Wateja wengi wamerundikwa nyuma ya anwani moja ya mtoa huduma, na ping ya mpimaji inaishia kwake. Hapo kanuni yoyote utakayoandika haitasaidia.

Dawa ni mbili. Omba anwani ya umma, ambayo mara nyingi hutolewa kwa malipo ya ziada. Au geuza mwelekeo: fungua njia ya siri ya WireGuard kutoka kwenye ruta yako kwenda kwenye seva ya mpimaji, naye akupime kupitia humo. Ruta ndiyo inayoanzisha mawasiliano, hivyo mtoa huduma hana cha kuzuia mlangoni. Mradi wa RIPE Atlas, ulioanza mwaka 2010, umesambaza vifaa vidogo vya upimaji duniani kote kwa mantiki hiyo: kifaa kinajiunga chenyewe na makao yake, kisha kinapokea kazi. Hakuna tundu linalotobolewa kwenye faiwoli ya mtu.

Mpimaji akae wapi

Mwanga ndani ya waya wa faiba husafiri takriban kilomita 200 kwa milisekunde. Kila kilomita 1,000 za waya zinaongeza kama milisekunde 10 za kwenda na kurudi, na hakuna kifurushi cha bei ghali kinachoweza kuzipunguza. Mpimaji aliye Ulaya anapima laini yako pamoja na bahari nzima iliyo kati yenu. Mpimaji aliye Dar es Salaam au Nairobi, karibu na vituo vya kubadilishana mawasiliano vya TIX na KIXP, anapima karibu laini yako peke yake.

Weka wote wawili kwenye orodha. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika baharini kusini mwa Afrika Mashariki, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na nchi jirani. Siku kama hiyo, kwenye grafu, mstari wa mpimaji wa Ulaya unaruka au kukatika, wakati wa mpimaji wa nyumbani unabaki palepale. Mistari yote miwili ikipanda pamoja, ugonjwa uko kati ya ruta yako na mtoa huduma. Mstari mmoja usingekuambia hayo.

Hesabu pia gharama. Ping ya kawaida ina baiti 84. Moja kila sekunde, kwenda na kurudi, ni takriban megabaiti 14.5 kwa siku, kama megabaiti 435 kwa mwezi. Kwa laini isiyo na kikomo si kitu. Kwa anayeishi kwa bando ni pesa. Ping moja kila sekunde 10 inashusha gharama hadi megabaiti 44 hivi, na bado itaonyesha jioni mbaya.

Tamaa ya kuona zaidi

Ukishaiona grafu ya kwanza utataka zaidi: processor ya ruta inafanya kazi kiasi gani, nani anakula kasi, joto likoje. Itifaki ya SNMP hutoa hayo kupitia poti ya 161, na hapa maswali manne yanakuwa makali. Toleo lake la pili, ambalo bado linatumika sana, halina nywila ya kweli ila neno linalosafiri waziwazi, na kwa vifaa vingi neno hilo ni public. Tumia toleo la tatu lenye usimbaji, au pitisha kila kitu ndani ya WireGuard. Usiifungue kwa intaneti, hata kwa anwani moja.

Mlango wa usimamizi ndio wa kuogopwa kuliko yote. Mwaka 2018 ulionekana mwanya katika huduma ya Winbox ya MikroTik, poti 8291, uliomwezesha mtu wa mbali kusoma faili za ruta bila kuingia, zikiwemo za watumiaji na nywila zao. Kampuni ilitoa marekebisho mwezi Aprili. Miezi mitatu minne baadaye zaidi ya ruta laki moja, nyingi zikiwa Brazil, zilikuwa zimetekwa na kufanywa zichimbe sarafu za kidijitali kwenye kompyuta za wateja. Zilikuwa hazijasasishwa, na Winbox ilikuwa wazi kwa dunia nzima. Wenye ruta walioifungia ndani hawakuhitaji kukimbizana na marekebisho usiku.

Kuisoma grafu na kuondoa ruhusa

Kabla ya kumpelekea mtoa huduma grafu yako, iangalie saa. Seva nyingi huandika saa za UTC, zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu. Kilima kinachoanza 16:00 kwenye grafu ni saa 1 usiku kwetu, wakati mtaa mzima umerudi nyumbani na kufungua televisheni. Kilima hicho kikitokea kila siku saa hizohizo, hata siku ambayo nyumba yako haina mtu, msongamano ni wa mtoa huduma. Kikitokea tu mtoto anapopakua mchezo, laini inajazwa na wewe mwenyewe, na dawa yake ni kugawa kasi ndani ya ruta. Pakiti zinazopotea bila mpangilio mchana na usiku, hata laini ikiwa tupu, mara nyingi ni waya, kiungio au antena. Fundi akipewa tarehe, saa na umbo la tatizo anajua pa kuanzia.

Tatizo likiisha, mwondoe mpimaji kwenye orodha. Kanuni ya pili itabaki ikifanya kazi yake, na orodha tupu haimruhusu yeyote. Ukijua mapema kwamba upimaji ni wa mwezi mmoja, iwekee anwani muda wa kuisha wakati wa kuiandika; ruta itaifuta yenyewe, ingawa pia itaisahau ikizimwa kabla ya muda huo.

Ruhusa itakayofuata haitakuwa ya ping. Atakuja fundi wa kamera za ulinzi aseme, "Mzee, nifungulie poti moja tu nione picha nikiwa ofisini." Atakuja muuzaji wa programu ya hesabu, kisha msimamizi wa jenereta. Muulize kila mmoja atatoka anwani gani, anahitaji poti ipi, mara ngapi, na kazi itakwisha lini. Mwenye kazi halali atayajibu yote kwa dakika chache. Asiyeweza kuyajibu bado hajui anachokiomba, na asubiri mpaka ajue.